Maswali ya Wasomaji: Nodi ya RPC Iliyo Wazi kwa Umma

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mtengenezaji wa programu na nimekodi seva inayotumia Linux. Nataka kuweka nodi ya Ethereum (kompyuta inayofuata mnyororo wa bloku wa mtandao huo) ambayo watu wengine nao wataitumia bure kupitia RPC (njia ya programu kuiuliza nodi maswali kwa mbali). Mwongozo mmoja nilioupata unasema kwamba inatosha kusakinisha Geth (programu ya nodi), kuwasha RPC na kufungua mlango (port) 8545. Je, kazi ndiyo hiyo tu? Na seva iwe na uwezo gani?

Jibu: Ndugu msomaji, mwongozo huo umepitwa na wakati katika jambo moja, na katika jingine ni wa hatari.

Tuanze na lililopitwa na wakati. Tangu tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji, nodi moja huhitaji programu mbili zinazofanya kazi bega kwa bega: ya utekelezaji (inayoendesha miamala), kama vile Geth, Nethermind au Besu, na ya makubaliano (inayofuatilia bloku ambazo mtandao umezikubali), kama vile Lighthouse, Prysm au Teku. Ukiwasha Geth peke yake itakaa ikisubiri kuambiwa mnyororo umefika wapi. Programu hizo huzungumza kupitia mlango 8551 na hutambuana kwa faili moja la siri ambalo zote mbili lazima ziweze kulisoma. Mlango huo ubaki ndani ya seva.

Kuhusu uwezo wa seva, wengi huuliza habari za kichakataji, ilhali kinachokwamisha nodi nyingi ni diski. Hali ya Ethereum (masalio ya akaunti na data za mikataba) husomwa kwa vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, kwa hiyo diski ya kuzunguka haiwezi kwenda na mwendo wa bloku (fungu la miamala) moja kila sekunde 12. Chukua NVMe (diski ya kasi isiyozunguka) ya TB 2 kwa uchache, na ukimudu TB 4 hutalazimika kuhama mapema. Kumbukumbu (RAM) ya GB 16 inatosha kuanzia, ila GB 32 ni bora kwa nodi itakayohudumia watu. Soma pia masharti ya aliyekukodisha seva, kwa kuwa baadhi yao hukataza shughuli za sarafu za kidijitali, na wengine huweka kikomo cha data ilhali nodi hupokea na kutuma data usiku na mchana.

Sasa hilo la hatari. Mlango 8545 hauna nywila. Geth kwa kawaida husikiliza 127.0.0.1 pekee, yaani seva yenyewe, na kuibadilisha isikilize 0.0.0.0, yaani anwani zote, ni kumkaribisha kila mtu, pamoja na roboti zinazopita mtandaoni zikiutafuta mlango huo huo. Miaka ya nyuma wapo walioibiwa etha (sarafu ya Ethereum) kwa njia hiyo, kwa sababu akaunti zao zilikuwa zimefunguliwa ndani ya nodi na yeyote aliyefika mlangoni aliweza kuagiza malipo. Kwa hiyo usiweke kamwe ufunguo wa pochi kwenye seva hii. Katika kigezo cha `--http.api` (makundi ya maombi yanayoruhusiwa) andika `eth,net,web3` tu, na makundi ya usimamizi na uchunguzi, `admin` na `debug`, yasifike kwa umma.

Acha Geth pale pale kwenye 127.0.0.1, kisha weka Nginx (programu ya seva ya wavuti) mbele yake ikipokea maombi kwenye mlango 443 kwa cheti cha TLS (usimbaji wa mawasiliano). Kwenye ukuta wa moto fungua 443, mlango 30303 kwa TCP na UDP ili nodi ikutane na nodi nyingine, pamoja na mlango wa programu ya makubaliano, ambao kwa Lighthouse ni 9000. SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) iachie anwani zako mwenyewe. Ukitumia Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena), fahamu kwamba mlango uliotangazwa na kontena huzipita kanuni za UFW (ukuta wa moto wa Linux) kana kwamba hazipo, kwa hiyo jaribu kuufikia 8545 ukiwa nje ya seva kabla ya kuamini kwamba umefungwa.

Kinachowashinda wengi ni udhibiti wa matumizi. Nginx inaweza kuhesabu maombi ya kila anwani ya IP na kuyakataa yaliyozidi (iagize ijibu 429, yaani maombi yamezidi, maana isipoagizwa hujibu 503, yaani huduma haipatikani, na mteja atadhani seva imeharibika). Lakini hesabu hiyo haioni uzito wa ombi. Ombi la RPC huwa hivi:

`{"jsonrpc":"2.0","method":"eth_blockNumber","params":[],"id":1}`

Maombi yote huja kwa POST kwenye njia ile ile, na jina la kinachotakiwa limo ndani ya mwili wa ombi. `eth_blockNumber` (nambari ya bloku ya karibuni) hujibiwa papo hapo, ilhali `eth_getLogs` (ombi la kumbukumbu za matukio) moja inayopekua bloku laki kadhaa inaweza kuishughulisha diski kiasi kwamba nodi inaachwa nyuma na mnyororo. Isitoshe, mteja anaweza kufunga maombi mengi katika kifurushi kimoja, na Nginx ikakihesabu kuwa ombi moja. Ndiyo maana kati ya Nginx na Geth ninapendekeza proksi (programu ya kati) ndogo inayousoma mwili wa ombi, inayoruhusu majina yaliyoorodheshwa tu, inayowekea mipaka idadi ya bloku katika `eth_getLogs`, na inayopunguza ukubwa wa vifurushi. Pasipo proksi hiyo, nisingeitangaza anwani yangu kwa umma.

Swali: Nodi yangu hujibu `false` nikiiuliza `eth_syncing`, yaani kama bado inalandanishwa na mtandao. Je, imeshindwa? Tena nikiuliza salio la akaunti lilivyokuwa mwaka jana, napata kosa.

Jibu: Hapo `false` ni habari njema: maana yake nodi haina tena cha kulandanisha. Hata hivyo linganisha jibu la `eth_blockNumber` na nambari inayoonyeshwa na tovuti ya umma ya kutazama bloku, kwa sababu nodi ambayo bado haijapata wenzake nayo huweza kujibu hivyo hivyo. Kuhusu salio la zamani, nodi kamili ya Geth kwa desturi hutunza hali ya bloku 128 za karibuni, yaani kama dakika 25 hivi. Miamala iliyomo ndani ya bloku za zamani kwa kawaida utaiona, lakini salio la mwaka jana linahitaji nodi ya kumbukumbu zote (archive), ambayo diski yake ni kubwa zaidi. Waeleze watumiaji wako mapema ni ipi unayowapa.

Swali: Je, mtandao utanilipa kwa kuendesha nodi ya RPC?

Jibu: Hapana. Malipo ya Ethereum huenda kwa wathibitishaji, walioweka dhamana isiyopungua etha 32. Gharama za nodi ya RPC ni zako, isipokuwa uwatoze wanaoitumia.