Trigliseridi 310, na mafuta sili?

Pole kwa mshtuko, dada. Umesema kipimo kimesoma 310 mg/dL na hata chipsi huli, ndiyo maana unashangaa mafuta yametoka wapi. Mimi naitazama ile soda ya kila mchana na sahani ya ugali wa usiku. Trigliseridi ni mafuta ya akiba: sukari na wanga vikizidi mahitaji, ini huvigeuza mafuta, damu huyasafirisha, mwili huyaweka hadi utakapohitaji nguvu, kama unapofunga. Tunayahitaji kabisa. Shida ni yakijaa kwenye damu. Kawaida ni chini ya 150.

Rudia kipimo ukiwa hujala kwa muda wa saa 9 hadi 12, maji tu, na pombe usiguse siku chache kabla. Omba wapime na sukari. Soda na juisi za paketi acha kabisa (kwangu hizo ndizo zilizoleta tofauti kubwa), ugali punguza nusu, dagaa na mboga ongeza, tembea kila siku.

Majibu yote mpelekee daktari; dawa usijinunulie dukani. Yakipita 500 usisubiri kumwona. Na tumbo la juu likiuma vikali hadi mgongoni huku unatapika, kimbia hospitali saa hiyohiyo, huenda kongosho limevimba.