Kisumu ya 2150 ichorwe vipi?

SWALI: Sasa mhariri, nachora komiki ya Kisumu mwaka wa 2150. Nimeweka magorofa ya vioo, magari yanapaa, taa za zambarau kila mahali, lakini kila mtu nikimwonyesha ananiambia nimeiga filamu ya Marekani. Nibadilishe nini ndio watu waone ni kwetu? Msomaji, Kondele

JIBU: Mdogo wangu, shida naiona ni kwamba mji wako hauna jana, kila kitu kinakaa kimejengwa siku moja. Hata hao Wamarekani walistuka kitambo. Star Wars ya 1977, mafundi wa modeli walikuwa wanachukua vipande vya plastiki vya kuundia vifaru na ndege za vita za kuchezea, wanavigandisha kwa vyombo vya anga alafu wanavipaka uchafu, kwa sababu mwongozaji George Lucas alitaka vitu vikae vimetumika. Na Blade Runner ya 1982 watu huiga tu mvua na taa, lakini kazi tamu ya Syd Mead, mchoraji aliyeubuni huo mji, hapo ni zile mapaipu na nyaya zimepachikwa juu ya majengo ya zamani, yaani huo mji haubomoi, unaongezea tu. Hiyo ndio ya kuiga!

So nenda soko la Kibuye na kijitabu chako, ukae na hao mafundi wa jua kali uone venye dramu inakatwa inageuka jiko. Alafu uliza kila mashine kwa komiki yako: ikiharibika nani anaitengeneza na spea anatoa wapi? Ukijibu hivyo tu, utajikuta umechora bolti hazifanani na mlango wa rangi mbili.

Ingine, chagua sheria moja na uifuate mpaka mwisho. Wanuri Kahiu wetu kwa filamu yake fupi Pumzi ya 2009 alisema maji yameisha, basi, na kila kitu kikatoka hapo, watu wamejifungia ndani, jasho na mkojo vinasafishwa vinanywewa tena, mpaka chupa ya maji inabeba hadithi nzima. Wewe uko na ziwa. 2020 lilipanda likaingia kwa nyumba za watu. Sema lilipanda likakataa kurudi: steji ya matatu sasa ni gati, mlango wa kuingilia uko gorofa ya pili, na badala ya magari ya kupaa kuna mashua zimepakwa rangi na majina kama za wavuvi wa ufuo wa Dunga.

Zambarau punguza kabisa. Jua letu la saa saba ni kali, chora mchana na vivuli vizito, filamu nyingi za aina hii hujificha usiku. Ukimaliza kurasa mbili za kwanza tutumie, nataka sana kuziona.