Kitu cha bure hakiombi namba ya kadi, hata kwa nauli ya kukisafirisha

Dada, kabla hujajaza fomu hiyo, funga ukurasa. Umeuliza ni wapi unaweza kupata sampuli za bure bila hatari, na kama ni sawa kuweka namba ya kadi ya benki ili ulipie usafirishaji tu wa kopo la krimu ya ngozi linalotolewa bure. Naanza na hilo la pili kwa sababu ndilo litakalokuumiza, na kwa sababu ukurasa unaoueleza, wenye saa inayohesabu dakika kurudi nyuma na maoni ya wateja wenye furaha chini yake, unafanana kwa kila kitu na ule ulioninyonya mimi.

Krimu ile ni chambo. Unapolipa ile nauli ndogo unakuwa umewakabidhi namba za kadi yako pamoja na idhini ya kuikata tena baadaye. Idhini hiyo imo katika vigezo na masharti, kwa herufi ndogo za kijivu chini kabisa ya ukurasa, au katika kisanduku ambacho kimeshawekwa tiki kabla hujakigusa. Masharti yenyewe kwa kawaida husema kwamba umeingia katika kipindi cha majaribio, tuseme cha siku 14, na kwamba usipojitoa kabla hakijaisha utatozwa bei kamili ya kopo ulilokwisha kupokea, kisha utaletewa na kutozwa jingine kila mwezi. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu ulipobonyeza kitufe cha kuagiza, wala si tangu mzigo ulipokufikia, kwa hiyo kopo linaweza kufika mlangoni kwako wakati muda wa kujitoa umekaribia kwisha au umekwisha kabisa.

Mimi ndivyo nilivyofanyiwa. Nilipoona makato ya kwanza nilipiga simu, nikaambiwa kwamba nilikubali mwenyewe na kwamba wangepokea tu kopo ambalo halijafunguliwa, tena kwa gharama yangu. Nilipotaja benki, sauti ikabadilika, nikaahidiwa kurudishiwa nusu ya fedha iwapo sitalalamika. Nikaomba benki inibadilishie kadi, nikiamini kwamba namba mpya imemaliza kazi, lakini makato yakaendelea kwenye kadi mpya. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: mitandao ya Visa na Mastercard ina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya za kadi za wateja wao, ili malipo ya kila mwezi yasikatike kadi inapobadilishwa. Ni huduma nzuri kwa anayelipia kitu anachokitaka. Kwa aliyenaswa, ni mlango ulioachwa wazi.

Hasira yangu kubwa zaidi ninayo kwa yule mwenye wafuasi wengi mtandaoni aliyeipigia debe krimu ile kana kwamba aliitumia kila siku. Hakusema kwamba watu wa namna hiyo hulipwa kamisheni kwa kila anayejiandikisha kupitia kiungo chao. Alituuza, na ninalisema hilo bila kupunguza neno.

Kwa hiyo, kitu kikiwa cha bure kweli, kadi haiombwi. Usikubali hoja ya nauli, wala ya kuthibitisha umri, wala ya kuhakikisha kwamba wewe si roboti. Usitulizwe na alama ya kufuli juu ya anwani pia, kwa maana inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani, na tapeli anaipata kama mtu mwingine yeyote. Jaribu kubonyeza jina la mmoja wa wale wanaosifia chini ya ukurasa: kwenye ukurasa ule wa kwangu hapakufunguka kitu, kwa sababu maoni yote yalikuwa picha moja. Ile saa nayo, ukiufungua ukurasa upya, ilianza kuhesabu mwanzo.

Kuhusu mahali pa kupata sampuli za bure, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe kwa kuandika anwani yake kwa mkono, si kwa kufuata kiungo ulichotumiwa, au waulize wauzaji wa vipodozi na wafamasia, ambao mara nyingi hupewa vifuko vidogo vya kugawa. Tumia anwani ya barua pepe ya pembeni. Anayetaka kukutumia kifuko cha losheni anahitaji jina na mahali pa kukifikisha. Namba ya kitambulisho na ile namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu hazimhusu.

Iwapo umeshajaza, piga simu benki leo kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako. Usiishie kuomba kadi mpya. Waambie wazuie makato yote yajayo ya mfanyabiashara huyo kwa jina lake linavyoonekana kwenye taarifa ya akaunti, kisha fungua pingamizi dhidi ya yaliyokwisha kukatwa. Kama kadi yako ni ya Mastercard, wakumbushe kwamba tangu 2019 mtandao huo unamtaka anayeuza bidhaa za kushikika kwa njia ya majaribio ya bure apate kibali cha mteja majaribio yanapokwisha, kabla ya kuanza kumtoza. Piga picha ya skrini ya ukurasa wote sasa hivi, pamoja na zile herufi za kijivu, kwa kuwa mimi niliporudi kutafuta ushahidi nilikuta ukurasa umeshaondolewa.