Je, tutoe akiba benki kwa hofu ya mwaka 2038?

SWALI: Mhariri, mume wangu amesikia kwamba kompyuta zitakwama mwaka 2038, naye anataka tutoe akiba yote benki tununue jenereta na magunia ya mchele. Tufanyeje? Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Dada yetu, hitilafu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa biti 32 (yaani nafasi 32 za tarakimu 0 au 1) itafikia kikomo cha kuhesabu tarehe 19 Januari 2038, lakini mafundi wanaendelea kuihamishia kwenye biti 64, zenye nafasi kubwa zaidi ya kuhesabu. Mwaka 2000 ulipokaribia, kulikuwa na hofu kama hiyo ya kompyuta kukosea tarehe, na watu wa nchi mbalimbali walilimbikiza vyakula na fedha taslimu, ilhali marekebisho ya mapema yalifanya madhara yawe madogo. Mchele wa leo utaharibiwa na wadudu, na fedha zinazowekwa nyumbani huweza kuibwa. Nasikitika nikifikiria jasho lenu likipotea hivyo. Iacheni akiba benki, mkitunza taarifa za akaunti zilizochapwa.