Barakoa imeshachorwa vya kutosha, tazameni ndoo

Wadogo zangu mnaoanza sanaa hapa Arusha, karibu kila anayetaka kufanya kazi kuhusu korona na wanawake huja na mchoro uleule: mama mwenye barakoa, chozi shavuni, nyuma yake kirusi chenye miiba. Achaneni nao. Hautuambii nani alipoteza nini.

Anzeni na kazi za mikono. Mwaka 2020 tuliimbiwa tunawe kwa maji tiririka na sabuni. Sawa, lakini maji hayo yalifikaje kwenye ndoo ya mlangoni? Ulizeni mitaani, Unga Limited na Ngarenaro: nani aliamka kuchota, na watoto walipokaa nyumbani tangu Machi hadi mwishoni mwa Juni, nani aliongezewa ndoo, kaka au dada? Aprili ndege za kimataifa zilipositishwa, wengi walizihurumia hoteli na kampuni za safari. Mama aliyefua mashuka ya wageni kwa kibarua hakuwa hata na barua ya kusimamishwa kazi. Hapo ndipo penye kazi yenu.

Msidhani kazi za namna hiyo si sanaa. Mierle Laderman Ukeles, msanii wa New York, alitoa tamko mwaka 1969 akiwa mama wa mtoto mchanga: kufagia, kufua na kulea navyo ni sanaa. Baadaye, kati ya 1979 na 1980, alizunguka jiji akiwapa mkono wazoa taka wapatao 8,500, mmoja mmoja, na kuwashukuru. Na Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, ameitumia sana kanga katika michoro yake. Kwa hiyo kitambaa cha bibi yako ni turubai halali.

Mimi hudarizi kwenye kanga. Naacha pindo na mji (sehemu ya katikati) kama vilivyo, nafunika jina, yaani ule msemo wa kanga, kwa kipande cheupe, kisha nashona maneno ya mama aliyenisimulia. Shikizeni kitambaa kigumu kwa nyuma, la sivyo pamba hukunjamana, na herufi ziwe kubwa za kusomeka kutoka ng'ambo ya njia.

Maneno yenyewe msomeeni mwenyewe kabla ya kushona, hasa kama ni habari za kipigo. Mama mmoja aliniomba niondoe neno "Jumatano" tu. Jina lake halikuwepo, wala picha, lakini mumewe angeitambua siku. Niliondoa.

Halafu mlipeni. Wekeni muda wake kwenye bajeti kama mnavyoweka uzi na nauli ya daladala. Kumchukulia simulizi kwa soda moja, kisha kuiuza kwa jina la kutetea wanawake, ni unyonyaji uleule (hili husemwa kidogo sana kwenye warsha zetu, sijui kwa nini).

Maonyesho ya kwanza yafanyieni sokoni. Kwenye magalari ya watalii mtaulizwa kama kazi inaenea kwenye begi. Kwenye soko la Kilombero hapa Arusha, ombeni ruhusa kwa uongozi mapema, nendeni na kamba, na tundikeni juu ya usawa wa matenga. Bebeni pia sindano, mkasi na uzi wa akiba, maana akina mama watasoma kwa sauti na kubishana: bei ya ndoo mmeikosea, mwaka ule haikuwa hiyo. Fumueni hapohapo, mshone upya.