Shangazi, mbona mtoto anaitema karoti?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu wa kwanza ametimiza miezi sita na nataka nimpikie mboga mwenyewe badala ya kununua za chupa. Nilichemsha karoti, nikazisaga na maji mengi mpaka zikawa za kunyweka kabisa, maana mama mkwe anasema zikiwa nzito mtoto atapaliwa. Kijiko cha kwanza akakisukuma chote nje kwa ulimi. Ndiyo kusema hapendi karoti? Halafu, naweza kupika nyingi nikaweka kwenye friza? Karibuni narudi kazini.
*Mama wa Kwanza*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mama mkwe wako ana nia njema, ila kwenye hilo la maji simuungi mkono. Tumbo la mtoto huchukua takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo saba, basi, anajaa kwa mililita 210 hivi, na hapo bado anahitaji nafasi ya maziwa. Ukimpa maji yenye rangi ya karoti atashiba, lakini hatakuwa amepata kitu. Chota rojo, kisha inamisha kijiko. Likitiririka, hiyo ni supu. Likishikilia kidogo kabla ya kudondoka, mpe.

Menya karoti na uzikate vipande vyembamba vinavyolingana ili viive pamoja. Zipike kwa mvuke, au kwenye sufuria yenye maji kidogo na mfuniko uliobana. Ziache mpaka uma uzame bila kusukumwa, kwa sababu karoti yenye ugumu kidogo katikati huacha chembe ambazo blenda haizimalizi. Maji yaliyobaki usiyamwage, yamebeba sehemu ya vitamini zilizotoka kwenye mboga. Wakati wa kusaga, ongeza kijiko kimoja kimoja cha maji hayo hadi upate uzito unaoutaka. Mwishoni tia mafuta ya kupikia kidogo, nusu kijiko cha chai kwa bakuli lake yanatosha. Yanampa nguvu, na pia mwili huifyonza vizuri ile rangi ya karoti inayogeuka vitamini A pale panapokuwa na mafuta. Chumvi na sukari usitie. Asali usimpe hata ya kulamba mpaka atimize mwaka, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha ugonjwa hatari wa botulizimu kwa watoto wachanga.

Boga hufuata njia hiyohiyo, ila lina maji yake, kwa hiyo mara nyingi halihitaji kuongezwa mengine. Njegere zisage kisha uzipitishe kwenye chujio, maana maganda yake hung'ang'ania kwenye kaakaa la mtoto. Viazi usivipeleke kwenye blenda kamwe! Visu vinapasua wanga wake na unabaki na kitu kinachonata kama ulimbo. Viponde kwa uma vikiwa vya moto, ulainishe kwa maziwa yako.

Sasa huo ulimi. Mtoto huzaliwa na kawaida ya kusukuma nje chochote kinachoingia mdomoni, na kawaida hiyo hupungua kadiri anavyokaribia miezi sita. Kwa hiyo karoti yako haijakataliwa, bado anajifunza kumeza. Angalia kama anaweza kukaa akiegemezwa, kama shingo imekaza na kama anakodolea macho sahani yako. Akiwa tayari, weka kijiko chenye chakula kidogo kwenye mdomo wake wa chini, usubiri aufumbe mwenyewe. Usimsukumie ndani. Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, na maziwa yaendelee kama kawaida. Mboga moja huweza kuletwa mara nane, kumi au zaidi kabla haijakubaliwa, na uso aliokunja leo usiuchukulie kama hukumu.

Kuhusu kupaliwa, mwambie mama hivi. Mtoto anayekohoa, anayetoa sauti ya kutaka kutapika na uso ukawa mwekundu anajiokoa mwenyewe, mwacheni amalize huku mkimwangalia. Wa kuhofiwa ni yule aliyenyamaza ghafla, hawezi kukohoa wala kulia. Huyo anahitaji huduma ya kwanza papo hapo, na kila anayemlisha aijue kabla ya siku hiyo kufika. Kumlisha vimiminika hakumfundishi kutafuna. Ikifika miezi saba au minane, acha vibonge vidogo laini vya mboga ndani ya rojo.

Friza, ndiyo. Rojo lipoe haraka, lisilale juu ya meza. Limimine kwenye trei ya barafu, likishaganda hamishia vipande kwenye mfuko safi ulioandikwa jina la mboga na tarehe, uvitumie ndani ya mwezi mmoja au miwili. Kwenye friji, usizidishe siku mbili. Mboga za majani kama spinachi napenda zipikwe na kuliwa siku ileile, kwa sababu zina kemikali ya asili iitwayo naitreti kwa wingi, ambayo zikikaa hugeuka kemikali nyingine, naitraiti, na hiyo si nzuri kwa mtoto mdogo. Unapopasha moto, pasha mpaka mvuke utoke, koroga sana, liache lipoe, onja. Ukitumia maikrowevu ongeza bidii ya kukoroga, maana huacha sehemu za moto katikati ya chakula kilichopoa. Pasha mara moja tu. Kilichobaki kwenye bakuli alilolia kimeshaingia mate, kitupe.

Jambo moja hukuliuliza, nalo ndilo linalonikosesha raha ninaposoma barua kama yako: mboga peke yake hazitoshi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inapungua kwenye umri huu, na maziwa ya mama yana kiasi kidogo mno cha kuziba pengo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate nyama, samaki au mayai kila siku. Wiki hizi za mwanzo zikipita tu, saga nyama iliyoiva vizuri pamoja na boga, au ponda maharage laini ndani ya viazi. Vyakula vipya vilete kimoja kimoja, ukipumzika siku mbili tatu, ili akitokwa na vipele ujue cha kushuku.

SWALI: Shangazi, binti yetu wa miezi minane anapenda boga na karoti kupita kiasi. Sasa pua na viganja vyake vimekuwa vya njano. Ni ugonjwa wa manjano?
*Baba Mwenye Wasiwasi*

JIBU: Mpeleke kwenye mwanga wa mchana umtazame weupe wa macho. Ukiwa mweupe safi, mkojo na choo ni vya kawaida na anacheza vizuri, kuna uwezekano mkubwa ni rangi ya mboga iliyojikusanya kwenye ngozi. Haina madhara, na itafifia taratibu ukimbadilishia mboga. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi au choo kikapauka, nendeni kituo cha afya leo, msisubiri toleo lijalo.

SWALI: Lazima ninunue ile mashine ya kupika na kusaga chakula cha watoto?
*Msomaji*

JIBU: Hapana. Sufuria yenye mfuniko, uma na chujio vinatosha, na baada ya miezi michache utakuwa huhitaji hata chujio. Hiyo pesa nunua mayai.