Spana za racheti: maswali yenu kabla ya kununua seti

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu anayefungua boneti ya gari lake mwenyewe nyumbani. Fundi wa gereji anayeshika spana kutwa nzima ana mahitaji mengine.

Spana ringi za kawaida ninazo tayari. Hizi za racheti zitanisaidia nini? (Msomaji, Morogoro)

Spana ya racheti ni ringi yenye gurudumu la meno ndani: upande mmoja inashika nati, upande wa pili inarudi bure. Zitakusaidia pale ambapo mkono hauna nafasi ya kuzunguka. Ringi ya kawaida yenye kona 12 lazima uisogeze nyuzi 30 ndipo uitoe na kuivisha upya. Racheti yenye meno 72 inatosheka na nyuzi 5, na yenye meno 90 nyuzi 4. Tena huivui kwenye nati mpaka umalize. Mtu aliyewahi kulegeza oltaneta ya Toyota ya zamani ili abadilishe mkanda, ile yenye bolti ya kichwa cha milimita 12 na ya 14, anajua muda unaopotea kwa kuvisha na kuvua. Lakini ringi zako za kawaida usizigawe. Utaona sababu hapa chini.

Dukani kuna seti ya vipande 7, ya 12 na ya 22. Mimi nina Probox, kaka yangu ana Volkswagen, na tunataka tuchangie. (Msomaji, Dodoma)

Msihesabu vipande, someni namba. Magari mengi ya Japani yanatumia spana za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19: bolti yenye uzi wa milimita 6 ina kichwa cha 10, ya 8 ina kichwa cha 12, ya 10 ina kichwa cha 14. Kwa Mjerumani, bolti ileile ya uzi wa 8 ina kichwa cha 13, na ya 10 inakuja na 16 au 17. Kwa hiyo seti ya 8 hadi 19 bila kuruka namba, ambayo ni vipande 12, inawatosha wote wawili. Zile seti ndogo mara nyingi huruka namba katikati, na ikirukwa 12 au 14, mwenye Probox amenunua pambo. Seti ya 22 kwa kawaida imejazwa spana za inchi ambazo hamtazigusa.

Basi inchi ni za nani? (Msomaji, Iringa)

Za mwenye Land Rover ya zamani au trekta kama Massey Ferguson 135. Nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo 13 itaingia lakini itacheza, na kwenye nati iliyokaza itakula kona. Ila 19 kwa robo tatu ya inchi haina shida, maana tofauti ni nusu ya sehemu ya kumi ya milimita.

Nililegeza nati iliyoshika kutu, racheti ikalia "kach" na sasa inazunguka bure. Je, niliuziwa feki? (Msomaji, Kisumu)

Huenda, lakini kazi yenyewe haikuwa yake. Ringi ya kawaida ni kipande kimoja cha chuma. Kwenye racheti, nguvu yako yote inabebwa na kijino kidogo cha ndani kinachong'ang'ania meno machache ya gurudumu, na ukichomeka bomba kwenye mpini ili uongeze urefu, hicho ndicho kinachokatika. Mkono ukiwa umelala juu ya chuma chenye makali, unaumia.

Nati iliyoganda ipulizie oili ya kupenya, uiache ikae, kisha ilegeze kwa ringi ya kona 6 au spana ya boksi yenye mpini mrefu. Ikishalegea ndipo ulete racheti imalizie. Kwenye kukaza vilevile: racheti iifikishe nati mahali pake, kisha spana ya kupimia nguvu ifunge hesabu. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103, na nati ya chini ya kumwaga oili kiasi cha 37 hadi 40 kwa injini zake nyingi. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Kuna zenye kitufe cha kugeuza upande na kuna zisizo nacho. Zisizo nacho ni nafuu. (Msomaji, Mombasa)

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu wauzaji hawalielezi. Isiyo na kitufe unaigeuza upande wa pili tu, na kichwa chake ni chembamba, kinapita kwenye upenyo. Hatari iko hapa: unafungua bolti iliyo karibu na rejeta au chasisi. Bolti inatoka taratibu, kichwa chake kinasogea nje, mwishowe kinabanana na chuma cha mbele huku spana ikiwa bado imevaa. Kuivua huwezi, kuna ukuta. Kurudisha bolti ndani huwezi, racheti inazunguka upande mmoja tu. Hapo utaanza kuvunja vitu ili uokoe spana.

Kwa mtu wa nyumbani nashauri ya kitufe, hata kama ni lazima uanze na namba tatu tu: 10, 12 na 14. Mwenye ya bei nafuu apime kwanza kwa macho nafasi iliyo mbele ya bolti.

Kichwa kinachopinda? (Msomaji, Tanga)

Kizuri, lakini si cha kuanzia.

Naweza kufungulia nati za bomba la breki? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Ringi haipiti juu ya bomba, na mdomo wa upande wa pili unashika kona mbili tu za nati ambayo ni laini. Tafuta ile ringi yenye mwanya, iliyotengenezwa kwa mabomba. Kwenye breki usibahatishe.

Nikifika Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, nitajuaje iliyo nzuri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Maandishi ya Chrome Vanadium, yaani jina la chuma kigumu cha spana, mtu yeyote anaweza kuyagonga kwenye chuma, kwa hiyo yasikutoshe. Nenda na bolti na nati yake mfukoni. Ifunge kwa vidole tu, vika racheti, kisha irudishe nyuma. Nzuri inarudi bila kuburuta nati; mbaya inarudi nayo, na kwenye injini utabaki kushika nati kwa kidole. Kisha tikisa kichwa: gurudumu la ndani lisiyumbe. Na usidanganywe na wingi wa meno, meno mengi ni meno madogo.

Vumbi la huku limeifanya nzito. Niweke grisi? (Msomaji, Singida)

Grisi nzito inanasa vumbi na kukifanya kile kijino kichelewe kurudi. Futa kwa kitambaa, weka tone la oili nyepesi, kama ya cherehani, izungushe pande zote mbili, kisha futa inayozidi.